Nazi Isiyopungua

Wanangu wa kundi la mchezo, Chebet wenu ameniwekea simu juu ya meza, karibu na kikombe cha chai, akaniambia niongee tu, yeye ataandika. Mimi tangu usichana nikiona kitu cha kunasa sauti mbele yangu nashikwa na haya, naanza kuongea na kucha zangu. Basi mkiona maneno yamepotea njia, lawama mpeni Chebet.

Mmetaka nikuelezeni kazi yangu. Nilikuwa mwigizaji. Nimelitamka neno hilo na masikio yananiwaka moto, na mimi ni mtu mzima wa miaka themanini na kitu, nimeshazika mume, naishi kwa mwanangu Nassor huku Al Warqa, Dubai, nina wajukuu wanaoendesha magari. Nilidhani haya ni ya ujana, kwamba mtu akifika umri fulani inamwacha akapumzika. Haikuniacha.

Nilianzia jukwaani, Unguja, katika chama cha taarabu cha wanawake. Sikukuu ikifika, kati ya nyimbo tulikuwa tukitoa mchezo mfupi. Tulikuwa wanawake watupu, hata mabwana tukiwaigiza sisi wenyewe, kwa kanzu za kuazima na masharubu ya masizi. Mimi kusoma sikujua, na mpaka leo sijui. Katika chuo cha Kurani nilitoka na sura fupi za kusalia, na skuli sikuwahi kuiona ndani. Kwa hiyo kila neno nililowahi kulisema jukwaani lilipita kwanza kinywani mwa Bi Mgeni.

Bi Mgeni alikuwa mnong'onezi wetu. Hamna watu kama yeye siku hizi, mna simu. Alikaa nyuma ya pazia juu ya kibao, karatasi mapajani, karafuu shavuni ili koo lisimwashe. Mwigizaji akikwama, yeye anamrushia neno, na kazi hiyo ina ufundi wake. Mnong'onezi mbaya anakupa mstari mzima tangu mwanzo, ukumbi wote unasikia, unaaibika. Mnong'onezi mzuri anakupa neno la katikati. Yale ya mwanzo unayo mwenyewe, yamekwama tu, na ukishasikia la katikati yale ya mwanzo yanatoka mbio kwa wivu. Mimi nilimzoea Mgeni mpaka nikawa sijisumbui kukariri. Nikifika mahali pagumu naegemea pazia kidogo kama mtu aliyechoka, napokea neno langu, naendelea. Watu wakasema Zuhura ana madaha.

Wakati huo picha za sinema za kuongea kwa Kiswahili ndiyo kwanza zinaanza kupigwa kwetu. Walikuja watu wa picha kutoka bara, wakatuona sikukuu, wakanitaka mimi. Hadithi yao ilikuwa ya mama kijana ambaye mumewe amekwenda kazini baharini na kabla ya kuondoka ameomba siku atakayorudi apikiwe wali wa nazi. Siku hiyo inafika, mke anakuna nazi, na huku anakuna analetewa habari kwamba mume hatarudi. Ilikuwa hadithi fupi tu, lakini machozi yake mengi.

Siku ya kwanza nilifanya nilivyozoea. Nilisimama, nikavuta pumzi, nikaitoa sauti mpaka kwa mtu wa mwisho aliyekaa dirishani. Fundi wa sauti, Mgoa mmoja mwembamba, alikuwa amevaa visikilizio masikioni. Alivitupa chini akashika kichwa. Kinasa sauti walikuwa wamekificha ndani ya pakacha lililoning'inia juu ya kichwa changu, na mimi nimekipigia kelele kama namwita muuza samaki. Nakuambieni, jukwaani unampelekea sauti mtu wa mbali kabisa. Kwenye picha mtu huyo amekaa mapajani kwako, na ukipiga kelele unamtoa roho.

Basi nikajifunza kusema kwa chini. Halafu likaja kubwa zaidi. Mwenye kuongoza alisema, "Kimya!" Watu wote wakanyamaza, hata kuku wa jirani walikuwa wamefukuzwa. Nikasema mstari wa kwanza. Wa pili ukakwama. Nikaegemea, na hapakuwa na pazia, nikayumba, nusura niangukie mkaa. Mgeni alikuwepo, amesimama nyuma ya mashine kaweka mkono mdomoni, maana ameambiwa akinong'ona tu kinasa sauti kitamshika. Tukatazamana. Watu wa kigeni, taa kali, filamu inakwenda ndani ya mashine, na mimi nimesimama mdomo wazi. Yule Mgoa akauliza kwa upole kabisa kama nisomewe tena au nipewe karatasi niisome. Nikasema nimesahau miwani. Sikuwa na miwani. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Usingizi na chakula vilinikimbia, lakini Mgeni hakunicheka. Alinichukua jikoni kwake akaninyima maneno yote mpaka nishike kitu. Mstari huu, akasema, utausema ukichambua mchele. Huu ukifunika chungu. Huu ukijifuta mikono kwenye kanga. Nikirudia kazi, maneno yanakuja nyuma yake yenyewe. Mpaka leo nikichambua mchele midomo inacheza, mkwe wangu anadhani nasoma uradi. Huo ndio ufundi wangu mkubwa, na sikuubuni mimi: usiukabidhi mstari kwa kichwa, ukabidhi kwa mkono. Lakini una hatari yake. Mkono ukisimama, na maneno yanasimama.

Mstari wa mwisho, ule wa msiba, tuliufunga kwenye nazi. Nyinyi wa bara hamkukulia na mbuzi. Si yule wa kuchinja. Ni kigoda cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia, unazungusha kifuu juu ya yale meno na nazi inatoka laini, tayari kukamuliwa tui. Mama analetewa habari, haachi kukuna, anasema: "Nazi hii namkunia nani, na aliyeitaka harudi?"

Tulipopiga picha, meno ya mbuzi yakaguguna nazi, na Mgoa akatoa tena visikilizio. Alisema anasikia mtu anapasua mbao. Wakaniambia niache kukuna, niseme tu. Nikaacha, na maneno yakaondoka. Nikarudishiwa nazi, maneno yakarudi na kelele zikarudi. Tulihangaika hivyo mpaka Mgeni akachana ukingo wa kanga yake, akayafunga yale meno ya mbuzi kwa kitambaa, akanipa kifuu chenye nyama yake nzima. Nikazungusha mikono juu ya kitambaa, hakuna kinachokunwa, sauti safi, na mstari ukatoka. Kwa hiyo kwenye picha ile, mtu akitazama vizuri ataona mama anakuna na kukuna na nazi haipungui. Hajawahi kuniambia mtu kwamba ameona. Watu wakilia hawatazami mikono.

Nilikwenda kuitazama siku ya zanana, wanawake peke yao, nimejifunga buibui mpaka puani. Uso wangu ulikuwa mkubwa kama ukuta wa nyumba. Niliyaona matundu ya pua yangu. Niliona jino langu lililopandana. Ukumbi mzima ukawa unalia, na mimi nimejikunja kitini natamani ardhi inimeze, maana nilichokuwa naonyesha pale mbele za watu nilikuwa hata mama yangu sijamwonyesha. Baba naye akaanza kuwakwepa wenzake. Alibadilisha tu baraza ya kukaa jioni, na mimi nikaelewa.

Sasa kilio. Chebet, andika hapa vizuri, maana ndicho ulichonijia. Usitumie kitunguu, pua inakuwa nyekundu na unakuwa kama mtu mwenye mafua. Na usilie. Mtu mwenye msiba hataki kulia mbele za watu, anapigana nacho, na watazamaji wanachotaka kuona ni ule ugomvi. Mimi niliuminya mdomo, sauti ikapenya puani, ikapanda, ikakatika katikati ya "nani". Kilio hicho ndicho kilichonipa jina mjini. Na ndicho kilichomuumiza mwanangu.

Nassor alizaliwa baadaye, na picha ile ilikuwa bado inazungushwa kila sikukuu. Alipoanza skuli, wavulana walikuwa wakimngojea njiani, wanaminya pua, wanaimba: "Namkunia naaani!" Kila asubuhi, kila mapumziko. Siku moja alirudi shati limechanika na midomo imevimba. Nikamuuliza, akasema ameanguka. Habari nilipewa na jirani. Nilikaa nikamshonea vifungo. Kwenye picha sikurudi tena. Nilifanya michezo ya redio miaka kadhaa, mnong'onezi akinisomea kabla, nako nikapenda kwa sababu hapakuwa na uso.

Nassor alitangulia huku Dubai, akafungua ofisi ya kutoa mizigo, akanileta baada ya baba yake kufariki. Wiki ya kwanza majirani walikuja kunikaribisha. Mmoja akaniuliza, "Bi Zuhura, kule nyumbani ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikafungua mdomo. Nassor akawahi.

"Mama alikuwa mwalimu."

Nikanywa chai yangu. Sikumkasirikia, wanangu. Nililiona shati lile lililochanika. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa mwalimu nisiyejua kusoma, na hiyo ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuigiza. Mtu anataka kuchapisha kadi ya harusi, "Mwalimu, hebu tutazamie Kiswahili chake." Ninapapasa kifuani. "Miwani yangu sijui nimeiweka wapi, nisomee kwa sauti." Wananisomea, nasema ondoa neno hili, weka lile, wanaondoka wananisifu. Mlango ukifungwa nakaa chini naona aibu mpaka chai inapoa. Nina miwani tatu. Nassor ananinunulia kila nikisema imepotea.

Chebet alikuwa akifanya kazi za ndani jumba la pili kutoka kwetu. Siku moja alikuja na bakuli la madam wake kutuletea harisi, ile ngano ya kupondwa na nyama, akasimama jikoni, ananitazama nilivyokaa.

"Shosho, pole kwa kusumbua," akasema, maana kwao bara bibi ni shosho, akanionyesha simu yake. "Si huyu ni wewe?"

Mtu amezipandisha kwenye simu zile picha za zamani. Nilikuwa pale, mdogo kama sisimizi, nakuna nazi.

"Mie simjui huyo. Mtoto wa watu."

"Aki shosho, ni wewe. Hiyo shingo ni yako."

"Madam wako hakukwambia mimi ni mwalimu?"

"Ameniambia. Lakini mwalimu hakai hivyo." Akaketi sakafuni bila kuambiwa. "Sisi tuko na group ya kuigiza, tunafanya rehearsal kule mtaa wa International City siku ya off. Hii scene yako ndiyo tunataka ifungue play yetu. Mimi ndiye wa kulia, na nikilia watu wanacheka. Nifundishe tu, please."

Nikamwambia alie nione. Alilia kama mtu anayekimbiza kuku. Nikacheka mpaka nikajifuta macho, halafu nikamwonyesha, pale jikoni, kwa sauti ya chini. Akaiweka simu sakafuni. Halafu akasema, "Shosho, hii kitu mimi siwezi. Fanya wewe, mimi nitakuwa yule wa kuleta habari."

Ningeweza kukataa. Nasema kweli, nilitaka kuigiza. Nilitaka kama mtoto anavyotaka peremende, na nikaona haya ya kutaka, kwa umri huu.

Nassor nilimwambia nimealikwa kuzungumza na vijana. Uso wake ulifunguka. "Vizuri sana Mama! Nitawaalika na Bi Asya na mumewe, wakusikie Kiswahili chako." Bi Asya ni mama wa kijana aliyemposa mjukuu wangu Rahma, nao ni watu wa kwetu wa siku nyingi huku, wazito, wa kupima kila neno. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikauliza kama anaweza kunipeleka sokoni Al Ras kununua nazi.

"Nazi za nini?"

"Za kuzungumzia," nikasema.

Muuza duka wa Al Ras alinipa paketi ya nazi iliyokunwa tayari, nikaikataa, akanipa ya unga, nikaikataa. Nassor akasema, "Khalas, Mama, basi, ni ileile." Nikamwambia si ileile. Tukapata nazi nzima mbili kwenye gunia nyuma ya duka. Mbuzi nilikuwa nayo, nilisafiri nayo kutoka Unguja, imefungwa kwenye kanga. Siku moja kabla ya mchezo nilijaribu kukohoa, labda nitaachwa nyumbani. Nassor akaniletea asali.

Jumapili mchana tukaenda. Ukumbi ulikuwa juu ya mkahawa, viti vya plastiki, walinzi waliotoka zamu na sare zao, wasichana wa kazi za nyumbani, vijana wa mahoteli, na safu ya mbele wamewekewa wageni: Bi Asya, mumewe, Rahma, na mwanangu Nassor kavaa kanzu mpya kwa ajili ya mama yake mwalimu. Pazia likafunguliwa, na mwalimu kakaa juu ya mbuzi, kanga kiunoni, miguu mbele.

Niliona uso wa Nassor. Kwanza hakuelewa. Halafu akaelewa, na akainamisha kichwa. Nimekiona kichwa hicho kimeinama hivyo nikishona vifungo.

Nikaendelea, mikono ilikuwa inanibeba. Nilichambua mchele nikasema maneno ya mchele, nikafunika chungu. Safari hii sikufunga kitambaa, meno yakaguguna nazi kweli, nazi nyeupe ikaanza kuanguka sahanini. Chebet akaingia, akaleta habari, na aliileta vizuri sana, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Hapo palikuwa pa mstari wangu. Na mimi badala ya kutazama nazi, nikamtazama mwanangu. Bado kainama, na Bi Asya anamtazama yeye. Mkono wangu ukasimama.

Mnajua nilichowaambia kuhusu mkono. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo. Chebet alijua si sehemu ya mchezo, niliona macho yake. Nikaegemea pembeni, jinsi nilivyokuwa nikifanya zamani, na pembeni hapakuwa na mtu. Mgeni amekwishakufa siku nyingi. Nilisema moyoni, basi, nimemwaibisha bure, hata kulia sijalia.

Ikatoka sauti safu ya mbele, nzito, ya chini, kichwa chake bado kimeinama.

"Namkunia nani, Mama."

Hakunipa mwanzo wa mstari. Alinipa katikati. Watu wachache waligeuka. Nikalisikia neno langu linakuja mbio kutoka nyuma, nikashika kifuu.

"Nazi hii," nikasema, "nazi hii namkunia nani, na aliyeitaka harudi?"

Sikuuminya mdomo safari hii, haukuhitaji. Sauti ilikatika palepale ilipokuwa ikikatika, na sijui ni nani alilia pale ukumbini kwa sababu mimi nilikuwa simwoni mtu kwa machozi. Pazia likafungwa Chebet akinishika mabega.

Baadaye, watu wamesimama na sambusa mkononi, Bi Asya alinijia na Nassor kasimama karibu. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kupima, "Mwalimu, haya uliyasomea wapi?"

Mkono wangu ulikwenda kifuani kutafuta miwani. Nassor akaushika, akaushusha.

"Mama hakusomesha hata siku moja, Bi Asya," akasema. "Hii ndiyo kazi yake." Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini alisema. Bi Asya akanitazama, akamtazama yeye, halafu akasema kwamba skuli kwao na wao walikuwa wakikiiga kilio kile, na akaomba radhi, akala sambusa yake.

Njiani kurudi, Nassor hakuwasha redio. Mbuzi ilikuwa kiti cha nyuma pamoja na nazi iliyobaki. Nilikuwa natafuta namna ya kusema pole, na sikuwa na kitu cha kushika mkononi, kwa hiyo halikuja neno. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, macho barabarani.

"Mama. Leo nazi ilikuwa inapungua."

"Leo ndiyo."

"Kwenye picha haikuwa inapungua. Nilikuwa naingia kwa mlango wa nyuma wa sinema, wale wavulana wa skuli wakishaondoka. Nimeitazama mara nyingi sana, na kila mara naitazama ile nazi. Sikuelewa kwa nini haipungui, na sikuwa na wa kumuuliza."

Nikageuza uso dirishani asinione. Halafu nikamwambia habari ya kitambaa cha Mgeni, tangu mwanzo, na tulipofika getini alizima gari akabaki amekaa, akaniambia niendelee.